Humu Mna Watu

Epifania alipoambiwa kwamba mkamwana wake, Pelagia, ndiye atakayekuwa mtu wa kwanza kupasuliwa katika ile nyumba mpya ya hospitali, hakulia wala hakushika kichwa kama walivyotarajia. Aliuliza swali moja tu.

"Nani amelala humo?"

Muuguzi Mwanaamina, mzaliwa wa Ujiji, mwanamke ambaye sauti yake peke yake ilitosha kunyoosha foleni ya wagonjwa, alimtazama kama mtu ambaye hakusikia vizuri. "Amelala wapi, bibi?"

"Kwenye nyumba hiyo. Nani amewasha moto humo? Nani amekula na kunywa?"

Wodi nzima ya wanawake ikaangua kicheko. Hata wale waliokuwa wakigugumia kwa maumivu walijitafutia nafasi ya kucheka. Mwanaamina naye alicheka, kisha akajikaza. "Hicho ni chumba cha upasuaji, bibi. Halali mtu humo wala hali mtu. Tumekisugua mpaka mikono imetoka malengelenge, hata inzi hatumtaki. Jumamosi asubuhi Pelagia anaingia, anapasuliwa, anatoka. Umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu," alisema Epifania, akanyamaza. Waliomfahamu kule kijijini Busunzu wangewaambia kwamba mama huyo akinyamaza namna hiyo, jambo halijaisha.

Tusimwonee. Epifania hakuwa mtu wa kuogopa kisu cha daktari. Ni yeye aliyeshikilia kwamba Pelagia aletwe hospitali, wakati majirani wanashauri aendelee kungoja. Kungoja nini? Tumbo lile lilianza kuvimba tangu mavuno ya mwaka juzi. Mwanzoni ukoo mzima ulishangilia, ukachagua na majina. Miezi tisa ikapita, ikapita na mingine, mtoto haji, tumbo linazidi. Huko kisimani wanawake wakawa wanauliza kwa sauti ya chini, lakini si chini sana, mimba gani hii, ya tembo? Wageni wakawa wanakuja kuwasalimu na kukaa muda mrefu kuliko salamu yenyewe, macho hayamtoki Pelagia kiunoni. Sasa alikuwa hawezi kulala chali. Akilala, pumzi inakata.

Kwa hiyo Epifania alikitaka kisu, na aliwashukuru kwa moyo wote wale Wazungu wawili waliokuja kujitolea, Daktari Lund na Sista Inge. Walikuja na makasha ya taa na vyuma, wakakaa na wenyeji mwaka mzima: wakibeba mchanga pamoja nao, wakimfundisha Daktari Abbasi kukata na kushona, wakimfundisha Mwanaamina kupanga vyombo. Mtu anayeiacha nchi yake akaja kuosha damu ya watu asiowajua, alisema Epifania, huyo Mungu amemwandika mahali. Alichogombana nacho ni ile nyumba.

Maana kwao, tangu ng'ambo ya mpaka walikotoka wakikimbia, watoto mgongoni na vyungu kichwani, nyumba mpya haikuingiwa hivihivi. Ilitahwa kwanza, ndivyo walivyoita desturi hiyo. Moto unawashwa ndani, pombe ya ndizi inanywewa, tone moja linadondoshwa sakafuni. Kisha mama mkubwa wa ukoo anasimama nje ya mlango na kuuliza: "Humu mna watu?" Na walio ndani wanamjibu: "Mna watu na moto." Hapo ndipo inakuwa nyumba. Kabla ya hapo ni kuta tu, na mgonjwa halazwi katikati ya kuta.

*

Ijumaa mchana, Abbasi na Mwanaamina walikuwa wamekwenda kuswali, Wazungu wako mezani. Nsabimana, mume wa Pelagia, alikuwa juu ya ngazi akigongomea wavu wa dirisha la chumba cha upasuaji. Yeye ndiye aliyezipiga lipu kuta zile, na ufunguo wa mlango ulikuwa mfukoni mwake. Mama yake akatokea chini ya ngazi na kibuyu kwapani, mkononi kigae chenye kaa la moto.

"Mwiriwe, mwanangu," alimsalimu kwa lugha ya kwao. "Naomba ufunguo."

Nsabimana akautazama moto, akamtazama mama yake. "Mama, Sista Inge amekataza mtu kuingia na viatu."

"Nitavua viatu."

"Na moto je? Si amekataza na moto?"

"Wewe ulimsikia akikataza moto?"

Nsabimana akafikiri. Kwa kweli hakuwahi kumsikia. Hakuna aliyedhani kwamba kuna haja ya kukataza. Akageuza shingo kuelekea wodi ya wanawake, ambako mke wake alikuwa ameketi kitandani ameegemea ukuta, maana kulala hawezi. "Fanya haraka, mama," alisema, akautupa ufunguo.

Epifania akavua viatu, akaingia. Akasimama kidogo kustaajabu. Kila kitu kilikuwa cheupe na kimya: meza ya chuma katikati, taa kubwa juu yake, rafu yenye mafurushi ya nguo za kijani zilizopikwa kwa mvuke na kufungwa vizuri, kabati la kioo lenye chupa. Baridi, aliwaza. Maskini Pelagia. Akaweka kigae chini ya taa, akakipulizia na kuongeza vijiti mpaka moshi ukapanda. Akanywa funda moja, akadondosha sakafuni. Kisha akatoka hadi kizingitini ili aulize swali lake, ingawa ndani hapakuwa na wa kumjibu. Alitegemea Nsabimana atajibu kupitia dirishani.

Hakupata nafasi. Sista Inge alikuwa anakuja na kikombe cha chai mkononi. Aliuona moshi. Kikombe kikaanguka, na mwanamke yule mpole, ambaye hajawahi kusikika akipaza sauti hata kwa mbuzi waliokula maua yake, akapiga kelele iliyowatoa watu wodini.

"Moto! Toka! Toka!"

Akaingia na viatu vyake, akakipiga kigae teke mpaka kikavunjikia nje kwenye majani. Akamshika Epifania mkono, akamvuta, akamburuta hadi uwanjani. Kitambaa cha kichwa cha mama yule kikadondoka, mvi zake zikaonekana na kila mtu. Wagonjwa walikuwa wamejaa madirishani. Epifania, mjane, mwenye wajukuu, alisimama kichwa wazi mbele ya watu wazima na watoto, na kibuyu kinavuja kwapani.

"Ni pombe tu," alijitetea. "Nilidondosha kidogo. Sikulewa."

*

Daktari Abbasi alirudi kutoka msikitini kofia bado iko kichwani. Hakumgombeza. Aliingia ndani, akatoka na chupa ndogo kutoka kwenye lile kabati la kioo, akalowesha pamba, akaiweka mbali juu ya jiwe na kuwasha kiberiti. Pamba ikalipuka moto kabla kiberiti hakijaigusa. Watu wakarudi nyuma.

"Hii inaitwa etha, mama," alisema. "Ndiyo dawa ya kumlaza Pelagia asisikie kisu. Kabati zima limejaa hii. Mvuke wake tu unatosha."

Epifania akaketi chini palepale kwenye vumbi. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu atamani ardhi immeze. Alikuwa amekuja kumwandalia mkamwana wake nyumba, na alikaribia kuiteketeza.

Daktari Lund alikagua chumba, akatoka akijifuta jasho. Alikuwa mtu mrefu, mwenye Kiswahili cha kujifunza kwenye kitabu, kila neno mahali pake. "Majivu yako kila mahali. Moshi umeingia kwenye nguo. Lazima tusugue upya, na nguo zote zipikwe upya. Na mafuta ya taa yamekwisha. Tuliyatumia ya mwisho jana."

Wote walijua maana yake. Pipa la chuma walilokuja nalo la kupikia nguo kwa mvuke, lenye mfuniko mzito wa kukazwa kwa skrubu, lilichemshwa kwa majiko ya mafuta ya taa, na mwaka ule mafuta ya taa yalikuwa habari ya kusimuliwa. Kibondo hakuna, Kasulu hakuna, dukani unaoneshwa debe tupu. Na Jumatatu lori linawachukua Lund na Inge kwenda Kigoma kupanda treni. Makasha yao yalikwisha kufungwa kamba.

"Na mimi peke yangu," alisema Abbasi taratibu, "bado sijawahi kupasua tumbo bila mwalimu kando yangu."

"Basi," alisema Lund. "Nasikitika sana."

"Nilimpa ufunguo mimi," alisema Nsabimana. "Kama ni kufukuza, nifukuzeni mimi. Lakini mke wangu mpasueni. Hata nje. Hata chini ya mti."

Pelagia mwenyewe alikuwa amejikongoja hadi dirishani, tumbo limemtangulia, anavuta pumzi kwa vipande. "Msimgombeze mama," alisema. "Hajalala tangu tufike hapa."

Mwanaamina alikuwa amesimama pembeni muda wote huo, mikono kiunoni. Alikuwa na hasira, na hasira yenyewe ilikuwa ya kujikasirikia. Juzi aliulizwa jambo, akacheka. Na kwao Ujiji, bibi yake mzaa mama asingehamisha hata mkeka kuingia nyumba mpya kabla ya ubani kufukizwa na dua kusomwa. Angemcheka bibi yake vile? Thubutu.

"Bwana Daktari," alimwambia Lund, "lile pipa linataka moto. Lilishawahi kuuliza ni moto wa nini?"

Lund akakunja uso. "Kuni? Hapana. Moto wa kuni unapanda na kushuka. Mshale wa kipimo ukipita alama nyekundu, pipa linapasuka. Ukishuka, vijidudu havifi."

"Basi tutaukalisha mshale. Fundi Nsabimana! Unaweza kutujengea meko hapo nyuma, nje kabisa, mbali na etha?"

"Udongo upo," alisema Nsabimana. Alikuwa ameshavua shati.

Lund aliwatazama mmoja mmoja. Kisha mtu yule mrefu akavua saa yake, akamkabidhi Inge, akashuka kwenye shimo la udongo na kuanza kukanyaga matope pamoja na fundi. Walibishana juu ya upana wa mdomo wa meko, huyu kwa Kiswahili cha kitabu, huyu kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kiha, na kila mmoja alikuwa na haki yake.

Mwanaamina akamwendea Epifania, akachuchumaa mbele yake. "Mama," alisema, maana sasa hakumwita bibi tena, "nisamehe kwa juzi. Nyumba hii inalo jiko lake. Liko nyuma, kama nyumba nyingine zote za watu. Linangoja wa kuliwasha."

*

Jumamosi hakuna aliyekaa. Habari zilikuwa zimefika vijijini, na kama ilivyo kawaida ya habari, zilifika zimekua: kwamba hospitali imeungua, kwamba Mzungu amempiga mama mtu mzima. Wanawake wa Busunzu walikuja wamejiandaa kugombana. Walipomkuta Daktari Lund amepiga magoti anasugua sakafu kwa brashi, suruali imelowa, walipoa. Wakaweka chini kuni walizokuja nazo, wengine wakaenda mtoni kuteka maji. Yule aliyeuliza kwa sauti kubwa kuliko wote habari ya mimba ya tembo ndiye aliyeleta mzigo mkubwa wa kuni, na aliutua bila kumtazama Epifania usoni.

Epifania aliwasha moto mwenyewe. Inge akaja kuketi karibu naye, kwenye gogo, mbele ya pipa lililokaa juu ya meko mapya kama chungu cha sherehe. Kazi ya Inge ilikuwa kuutazama mshale. Kazi ya Epifania ilikuwa kuni. Kiswahili cha mmoja kilikuwa kidogo na cha mwingine si kikubwa, kwa hiyo walizungumza kwa mikono. Inge akiinua kiganja, Epifania anasukuma ukuni ndani. Akikishusha, anauvuta nje na kuzima ncha yake kwenye majivu. Mara ya kwanza mshale ulipanda mno, na Inge aliruka kutoka kwenye gogo. Epifania akavuta kuni mbili kwa mpigo, akaungua kidole, akakitia mdomoni. Baada ya hapo mshale ulitulia.

Inge akaingiza mkono mfukoni mwa gauni lake, akatoa kitu kilichokunjwa. Kilikuwa kile kitambaa cha kichwa. Alikuwa amekifua na kukipiga pasi.

"Jana," alisema Inge, akatafuta maneno. "Jana mimi vibaya. Mimi niliogopa."

"Mimi pia," alisema Epifania. "Mimi niliogopa kabla yako."

Akainamisha kichwa, na Inge akamfunga kile kitambaa, kwa namna mbaya kabisa, fundo limeangukia sikioni. Epifania alikiacha hivyohivyo siku nzima. Kibuyu kilikuwa bado na kitu kidogo ndani. Akatoa mrija, akafyonza kwanza kama inavyompasa mwenye pombe, akamgeuzia mwenzake mrija uleule. Inge akanywa, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, na wanawake wote waliokuwa wanatua maji wakapiga vigelegele.

*

Jumapili, watu wakitoka misa, Pelagia aliwekwa kwenye machela. Alikuwa amenyolewa, ameoshwa, amevishwa gauni la kijani lisilofunika mgongo, na aibu ile ilimsumbua kuliko hofu. "Mama, utakuwa wapi?" aliuliza.

"Kwenye moto."

"Usiondoke."

"Nitakwenda wapi tena, mwanangu?"

Mlango ukafungwa. Nguo zilikwisha kupikwa na pipa halikuwa na kazi tena, lakini Epifania alikaa nyuma ya ile nyumba akiutunza moto. Nsabimana alitafuta pa kushika. Alikwangua udongo kwenye ukuta uliokuwa safi, akazunguka nyumba, akarudi kukwangua tena. Jua lilipanda, likaanza kushuka. Kutoka ndani ilisikika milio ya vyuma tu, na mara mojamoja sauti ya Lund, taratibu sana, kama mtu anayemwongoza mwenzake gizani.

Hatimaye Abbasi akatoka, gauni limelowa kifuani, mikononi beseni limefunikwa. Akalifunua mbele ya mume na mama mkwe. Ndani kulikuwa na uvimbe mkubwa kama boga, mweupe, wenye mishipa.

"Huu ndio," alisema. "Hakukuwa na mtoto wala uchawi. Ni uvimbe, na umetoka wote."

Nsabimana akageukia ukuta alioupiga lipu mwenyewe, akauwekea paji la uso, akalia. Epifania alikuwa na swali. "Nani aliyekata?"

Abbasi akasita. Lund, aliyekuwa amesimama nyuma yake mlangoni, ndiye aliyejibu. "Yeye. Mimi nilishika taa."

"Na Pelagia ameamka?"

Hapo wote wawili wakatazamana, na Epifania aliona. "Bado," alisema Abbasi. "Etha ina usingizi mzito. Tusubiri."

Wakasubiri. Mlango uliachwa wazi ili hewa iingie, na kutoka kizingitini Epifania aliweza kuona miguu ya mkamwana wake chini ya shuka. Inge alikuwa anamwita kwa jina, anampiga mashavu kidogokidogo. Mwanaamina ameshika kifundo cha mkono wake na midomo inamcheza kwa dua. Daktari Lund hakuwa tena yule mtu wa kila neno mahali pake. Alikuwa anatazama saa, anainama kusikiliza pumzi, anatazama saa tena. Kesho ana safari, na mgonjwa wa kwanza wa nyumba ile haamki.

Epifania akaenda nyuma, akauhakikisha moto, akarudi. Akavua viatu. Hakuvuka kizingiti. Alisimama palepale aliposimama Ijumaa, akapaza sauti yake ya kuitia watu shambani.

"Humu mna watu?"

Inge akashtuka, akaweka kidole mdomoni. "Mwacheni," alisema Mwanaamina. "Mwacheni aulize."

"Yewe, humu mna watu?"

Nsabimana, nyuma ya mama yake, alifumbua mdomo ili ajibu, maana mtu hawezi kuliacha swali lile hewani. Epifania akamzuia kwa mkono. Si yeye aliyeulizwa. Wa kujibu ni aliye ndani.

"Pelagia! Nauliza, humu mna watu?"

Chini ya shuka, mguu mmoja ukasogea. Kisha ikaja sauti, nzito, ya kukwaruza, sauti ya mtu anayerudi kutoka mbali na bado hajafika.

"Mna watu, mama..." Akameza mate. Wote walikuwa wamemwinamia. "Mna watu na moto."

Daktari Lund akaketi sakafuni, pale kwenye sakafu ambayo mtu hakuruhusiwa kuikanyaga na viatu, akafunika uso kwa mikono yake. "Asante," alisema, bila kujulikana anamwambia nani. "Asante. Asante."

"Sisi ndio wa kusema hivyo, baba," alisema Epifania. Alivaa viatu vyake, akazunguka nyuma ya nyumba, akaongeza kuni.